Anwani Iliyo Ndani ya Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza asubuhi, na bati la karakana limenikumbusha pale linapovuja. Nimesogeza cherehani, nikaweka ndoo. Kazi ya leo ni soli moja ya kupandisha sentimita tatu, ya yule karani wa mahakama anayetembea katikati ya njia kana kwamba wengine tumeiazima. Tovuti haifunguki. Itakuwa ni mtandao na mvua.

Jumatano, 5 Machi

Si mtandao. Baruapepe ya karakana nayo imekataa, na simu ya mfamasia wa jirani, ambayo haijawahi kukataa kitu, imefungua ukurasa wenye picha ya mwanamke anayecheka na maneno kwamba muda wa jina hili umekwisha. Pale palipokuwa na picha ya viatu vya baba.

Nimeyasoma mara tatu. Sikujua kwamba jina nalo huisha muda, kama maziwa.

Niandike vizuri, maana nikiwa na hasira huwa naruka mambo. Baba alikuwa akishona viatu vya watu ambao miguu yao hailingani, na watu walimwita Fundi Hatua. Miaka kumi na miwili iliyopita mdogo wangu, Msomi, alimtengenezea tovuti na baruapepe kwa jina hilo ili wateja wa mbali waweze kumwandikia. Baba alilitilia shaka jambo hilo mwezi mzima. Barua ya kwanza ilipoingia alilipenda kuliko sisi wote, akaagiza muhuri wa shaba uliochongwa anwani yote, na tangu siku hiyo hakuna kiatu kilichotoka hapa bila kupigwa anwani hiyo ndani, pale kisigino kinapokaa. Baba alipofariki muhuri ukabaki kwangu. Nimeutumia asubuhi hii hii.

Mambo ya tovuti anayajua Msomi peke yake, na mimi na Msomi hatuzungumzi. Wiki moja baada ya kumzika baba alisema tuuze karakana, mashine na vyote. Nikamwambia hajawahi kujichoma sindano kidoleni maishani mwake na asinifundishe kazi. Akaondoka. Namba yake niliifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka minne sasa tunaandikiana baruapepe tu, tena za kikarani: "Dada, nimebadilisha picha." "Sawa."

Amefanya makusudi. Naliandika hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Alhamisi, 6 Machi

Mfamasia amenisaidia kufungua anwani ya bure kwenye simu. Imeyakataa maneno ya siri tisa kabla ya kukubali la kumi, ambalo ni tusi. Nimemwandikia Msomi kwenye anwani yake iliyo chini ya jina hilo hilo la baba, kwa adabu: aliamshe jina.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Hajajibu. Imekuja barua ya Kiingereza iliyojaa namba kutoka kwa mtu anayejiita Mailer-Daemon. Simjui. Nimeifuta.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwandikia Msomi tena. Safari hii adabu nimeiacha nyumbani. Yule Mailer-Daemon karudi. Watu wa matangazo hawachoki.

Alhamisi, 13 Machi

Nyuma ya duka la dawa kuna chumba chenye meza moja na kompyuta mbili, na mwenye chumba ni mzee aliyefanya kazi posta miaka thelathini. Kila mtu anamwita Bwana Stempu. Jumanne na Alhamisi anafundisha watu kama mimi, wasiojua lolote. Kisigino chake cha kushoto kimelika kuliko cha kulia. Bega la upande huo ndilo lililobeba mkoba wa barua. Nilipomwambia akakitazama kiatu chake kama mtu aliyesomewa siri zake, na tangu hapo tukaelewana.

Amenieleza kwa lugha yake ya posta. Nilidhani tovuti ni kitu kimoja, kumbe ni vitatu. Kuna nyumba, yaani kompyuta ya kampuni fulani ambamo picha na kurasa zetu zimehifadhiwa. Ile wanaiita seva, na unaipanga kama chumba. Kuna masanduku ya barua, ambayo nayo yamo ndani ya nyumba ile. Halafu kuna jina, na jina hulinunui likawa lako milele. Unaliandikisha, na kila mwaka unasema bado unalitaka. Usiposema, kibao kinang'olewa barabarani.

"Kwa hiyo nyumba imebomolewa?" nikauliza.

"Nyumba ipo, Fundi, na barua zenu za miaka yote zimo. Ila hakuna njia ya kufika."

Ameahidi kuwaandikia kampuni ya majina awaulize.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Soli mbili. Ndoo imejaa mara tatu.

Alhamisi, 20 Machi

Jibu la kampuni limekuja. Jina liliisha tarehe 2 Machi. Wanaliweka siku arobaini, hadi saa sita usiku ya tarehe 11 Aprili, kisha wanaliachia na yeyote anaweza kulichukua. Kulirudisha si kazi, wanasema: mwenye jina aombe kutoka kwenye anwani yake ya baruapepe iliyoandikishwa, au, kama hiyo haifanyi kazi, alete picha ya kitambulisho na barua yenye saini yake. Mwenye jina ni Msomi. Mimi kwenye karatasi zao si mtu.

Bwana Stempu akasoma ile anwani iliyoandikishwa, akavua miwani, akacheka kwa huzuni. Ni ile ya Msomi yenye jina la baba.

"Ameweka ufunguo wa sanduku ndani ya sanduku," akasema. "Jina likizima, anwani yake inazima. Kampuni ikituma nenosiri jipya, inalituma mahali palipozimwa."

Amesema ni kosa la wanaoanza. Nikamwambia si la wanaoanza, ni la nyumba yetu. Baba hakutaka kitu cha karakana kiwe na jina la nje. Hata chaki alizichonga herufi zake. Msomi alipomwuliza aweke anwani gani, najua alichojibiwa, maana nilikuwa nimekaa pale pale nikipaka gundi: yetu, basi, ya nani tena?

Bwana Stempu alinishauri nichukue jina jipya, saa moja tu limekwisha. Nikatoa kiatu mkobani nikamwonyesha ndani. Alikisogeza karibu na macho, akasoma. Akauliza viko vingapi. Nikamwambia kwa miaka kumi na miwili, baba na mimi, labda elfu mbili, na wengine waliovivaa hawana njia nyingine ya kutupata zaidi ya kuvua kiatu na kusoma.

"Na jina likichukuliwa na mtu mwingine?" nikauliza.

"Basi wote hao wataelekezwa kwake," akasema. "Hata akiwa muuza dawa za kuotesha nywele."

Jumanne, 25 Machi

Nimemkumbuka mama wa mapacha, mteja wetu wa miaka mingi. Pacha mmoja mguu wake wa kushoto ulizaliwa umepinda kwa ndani. Kila mwaka wakati wa mvua, kabla shule hazijafunguliwa, mama yake anamsimamisha juu ya karatasi, anazungusha penseli, anapiga picha na kutuma. Sijawahi kumwona mtoto huyo, lakini mguu wake naujua tangu ulipokuwa unaenea kiganjani mwangu. Kama mchoro wa mwaka huu umetumwa, umeangukia shimoni. Na kiatu cha mwaka jana kitakuwa kinambana sasa.

Leo nimemwandikia Msomi barua ya tatu. Nimemwita mwizi wa jina la baba.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua haikukatika hata saa moja. Zimebaki siku kumi na nne.

Jumanne, 1 Aprili

Barua ya nne: mwizi na mwoga. Nilipoituma nilijisikia mwepesi kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Alhamisi, 3 Aprili

Siku hii niiandike yote.

Darasani Bwana Stempu aliuliza kama ndugu yangu amejibu. Nikasema hajibu yeye, anayejibu ni mpumbavu mmoja wa matangazo, Mailer-Daemon, kila nikimwandikia Msomi na yeye yumo. Mzee akaacha alichokuwa akifanya. Aliniomba simu. Barua ya mwisho ya huyo mtu nilikuwa sijaifuta bado, akaisoma mpaka chini.

"Fundi, huyu si mtu. Ni mashine ya posta. Hii ni ile bahasha inayorudi imepigwa muhuri kwamba mwandikiwa hapatikani."

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyowaeleza wazee. Anwani ya Msomi ilizimwa siku ile ile jina lilipozimwa. Barua nilizomwandikia zote nne zilirudi, na kila moja iliporudi ilinipa taarifa, na mimi nikaifuta taarifa.

Kwa hiyo mwezi mzima nimemkasirikia mtu kwa kunyamazia barua asizoziona. Nilikuwa na aibu kiasi kwamba nilianza kupanga kalamu za mzee mezani kwa urefu wake.

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani alikuwa akilihifadhi. Kwenye taarifa ya kampuni kuna orodha ya miaka ambayo jina limeandikishwa upya. Ni mara kumi na moja bila kukosa, zote kwa mkono wa Msomi. Nne kati ya hizo ni baada ya sisi kugombana.

Nimerudi karakana nikakaa bila kuwasha taa. Mtu anayetaka mahali pafungwe hasimamishi kibao chake barabarani miaka minne bila kuombwa. Tena barua za Kiingereza za wateja alikuwa anazijibu nani? Mimi nilikuwa nazikuta zimejibiwa na vipimo vimeandikwa kwa Kiswahili chini yake, nikashona. Sikuwahi kuuliza, niliona ndivyo inavyotakiwa kuwa. Na mtu wa namna hiyo akiacha kufanya jambo alilolifanya miaka yote, kuna kitu kimempata. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si jina.

Jumatatu, 7 Aprili

Wifi yangu, mke wa Msomi, ni mwalimu na ninajua mji na shule anayofundisha, zaidi ya hapo sijui. Daraja la kwenda huko limefunikwa na maji. Zimebaki siku nne.

Jumanne, 8 Aprili

Muuza ngozi anaondoka kesho na gari lake kwa njia ya kuzunguka. Nimemwomba nafasi mbele. Nimefunga karakana na kubandika karatasi mlangoni. Tangu baba afariki ni mara ya kwanza. Bwana Stempu ameniandikia kwa herufi kubwa kila kinachohitajika: kitambulisho, barua, saini.

Jumatano, 9 Aprili

Saa saba njiani. Muuza ngozi anaendesha kwa kusimulia, na kila akisimulia anaachia usukani. Shuleni walinionyesha nyumba.

Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Vya kahawia, vya kamba. Ningevijua popote, maana huwa anakaza kamba ya kulia mpaka ngozi inajikunja. Nilikuwa nimeshanyanyua mkono kubisha, nikaushusha, nikainama.

Visigino vilikuwa vizima kabisa. Ncha za mbele ndizo zilizolika, zote mbili, mpaka ngozi imetoboka na uzi umetokeza. Mtu anayetembea vizuri hutanguliza kisigino. Anayechakaza ncha namna ile anapapasa. Anatanguliza kidole kuuliza kama ardhi ipo. Nimeshawashonea watu wa aina hiyo, najua wanachoumwa, na si miguu.

Nikakaa pale kizingitini na viatu vyake mapajani, nikalia. Wifi ndiye aliyenikuta.

Msomi alikuwa ndani, amekaa karibu na dirisha. Aliposikia sauti yangu alisimama, akageuza kichwa chote kunitafuta, kama anatazama kupitia bomba. Ni presha ya macho. Ilianza miaka miwili iliyopita na mwaka huu imemshinda. Ilani za kampuni zilikuja kama kawaida, simu ikalia, akaona weupe tu. Hakutaka kumwambia wifi kwamba hata hilo limemshinda, na alipokubali kumwambia, jina lilikuwa limeshazima. Wakaomba nenosiri jipya, likatumwa kule kwenye anwani iliyokufa. Wakadhani mambo yamekwisha.

Nikamwuliza wifi kwa nini hakunitafuta hata kwa njia nyingine. Akasema alikatazwa. Msomi alimwambia amekwisha kuniandikia, na kwamba Dada ana haki ya kukaa kimya akitaka.

Niliwauliza hizo barua ziko wapi. Msomi akasema alimwambia simu yake, ikaandika, akaibonyeza pale alipozoea kubonyeza. Kama ziliondoka hajui, hakuweza kuona.

Kabla ya jua kuzama wifi alikuwa amepiga picha kitambulisho. Barua niliiandika mimi. Kwenye saini nilimshika mkono nikauweka mahali pake, na saini yake ikatoka ile ile yenye mkia. Kampuni imejibu: wamepokea, tusubiri hadi saa arobaini na nane.

Alhamisi, 10 Aprili

Tunasubiri. Mvua huku ni ndogo kuliko kwetu. Nimempima Msomi miguu. Amesema mara ya mwisho alipimwa na baba.

Ijumaa, 11 Aprili

Saa kumi jioni bado. Wifi alikuwa anasahihisha madaftari na kila ukurasa mmoja anajaribu kufungua tovuti kwenye kompyuta yake. Saa kumi na moja kasoro akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Viatu hivi hapa." Nikaenda kutazama. Viatu vya baba, kwenye ile meza yenye doa la gundi.

Nikafungua sanduku la karakana. Barua za zamani zote zilikuwepo. Kisha simu ya Msomi, iliyokuwa juu ya kabati, ikatoa mlio mfupi mara mbili. Mbele ya macho yangu barua mbili mpya zikaingia juu kabisa ya sanduku. Zilikuwa zimekwama ndani ya simu yake tangu Machi, zinatafuta njia, na njia ilipofunguliwa zikaondoka zenyewe.

Niliuliza kama nisome kwa sauti. Akasema nisome.

Ya kwanza ilisemwa tarehe 4 Machi. "Dada, naongea na simu ndiyo inayoandika, kwa hiyo makosa ni yake. Macho yangu yamefika mwisho wa kazi. Naomba ulichukue jina la baba liwe mikononi mwako kabla sijaliangusha. Nitakueleza namna."

Ya pili ilisemwa tarehe 26. "Dada, jina limeniponyoka. Hujanijibu na sikulaumu. Nilisema tuuze karakana kwa sababu niliona inakuua kama ilivyomuua baba, lakini sikulisema hivyo, nililisema vibaya. Nisamehe kwa jina, na kwa neno lile."

Wifi alikuwa ameacha kusahihisha. Nilifunga kompyuta kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi.

"Na wewe hukuniandikia hata mara moja?" Msomi akauliza.

Barua zangu zimekufa. Hakuna mahali popote duniani anapoweza kuzikuta. Bwana Stempu amenihakikishia kwamba zilizorudi hazitafika tena. Ningeweza kusema lolote.

"Nilikuandikia nne," nikasema. "Nilikuita mwizi."

Akafikiri kidogo. "Zote nne?"

"Ya nne ni mwizi na mwoga."

Alicheka mpaka akavua miwani ile isiyomsaidia tena akajifuta macho, na sisi wawili tukacheka pamoja naye, na katikati ya kicheko akaninyooshea mkono, ukapita pembeni yangu, nikaufuata nikaushika.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimerudi. Jina sasa limeandikishwa kwangu. Bwana Stempu amesimama juu ya kichwa changu mpaka nikaweka anwani mbili za nje, ile ya bure yenye nenosiri la tusi na ya wifi, ili mmoja wetu akikwama mwingine awe na ufunguo. Baba angenuna wiki nzima. Nimemwambia hivyo kwa sauti, kwa kuwa karakana ilikuwa tupu.

Jumatano, 16 Aprili

Mama wa mapacha ameandika. Alituma Machi ikarudi, akatuma tena ikarudi, akaamua ajaribu kila Jumatano. Mguu umekua sentimita moja na nusu. Nimeanza kukata leo leo.

Jumanne, 22 Aprili

Kiatu cha pacha kimeondoka. Nimechelewa siku mbili. Nimemwandikia mama yake kuomba radhi, kwa Kiswahili changu mwenyewe, bila kumsubiri Msomi.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua imekatika. Ndoo nimeirudisha jikoni.

Wifi amemleta Msomi achukue viatu vyake. Nimevishona kwa ngozi maradufu mbele, na soli imepinda juu kidogo kwenye ncha ili isikwaruze anapopapasa. Alipanda ngazi za karakana bila kushikwa. Za hapa anazijua. Akakaa kwenye kiti cha baba cha kupimia wateja.

Kabla ya kuvaa aliingiza mkono ndani ya kiatu cha kulia. Akapitisha kidole gumba juu ya muhuri, polepole, herufi kwa herufi, midomo ikitembea, mpaka mwisho. Kisha akarudi nyuma kidogo na kurudia sehemu moja.

"Dada," akasema, "nukta imefifia."

Nilikichukua kiatu nikakipeleka kwenye mwanga wa dirishani. Nikautazama na muhuri wenyewe. Kwa macho yangu mawili mazima nimeupiga miaka yote hii sikuona. Nukta imelika, karibu haipo.

Nimechukua patasi ndogo, nimeanza kuichonga upya. Yeye ameshika muhuri usicheze.